Kumtengeneza Kitimbi, samaki mtundu wa mchezo wa kompyuta: mwongozo kwa anayeanza

Ninawafundisha watoto na vijana wa Kisumu kutengeneza michezo ya kompyuta, na kila kundi jipya linapoketi, maswali ni yale yale. Mbona samaki wangu akigeuka kushoto anaogelea tumbo juu? Mbona anakwenda kwa kushtukashtuka? Mbona mkia wa mbuta (sangara) umeniua ilhali mdomo wake ulikuwa upande wa pili? Nimeona heri niyajibu kwa maandishi na kwa utaratibu, ili wewe unayeanza leo uweze kufuata mwenyewe ukiwa na kompyuta moja na jioni mbili tatu za nafasi.

Mhusika wetu ni Kitimbi, fulu mchanga, samaki mdogo wa Ghuba ya Winam katika Ziwa Viktoria. Nimemchagua fulu kwa sababu moja kubwa. Mama fulu hubeba mayai yake mdomoni mpaka yaanguliwe, na hata vifaranga wakishajua kuogelea, huwaachia watoke kidogo, kisha hatari ikionekana hukimbilia tena mdomoni mwake. Hapo mchezo umeshajitunga wenyewe: kuna mahali salama, kuna ulimwengu mpana wenye vishawishi, na kuna mtoto asiyesikia akiambiwa asiende mbali.

Jambo ambalo ningependa ulishike kabla ya kugusa chochote ni hili. Wanafunzi wengi humchorea samaki wao kofia na miwani ya jua, kisha wanaudhika wachezaji wanapomwona kuwa samaki wa kawaida tu. Mchezaji hauoni utundu katika mavazi; anauona katika kitendo anachokifanya kwa kidole chake mwenyewe, akijua kwamba kitendo hicho kinaweza kumgharimu. Kwa hiyo katika mchezo huu, Kitimbi atakusanya alama za utundu kadiri anavyokaa mbali na mama yake, lakini alama hizo hazitahesabiwa mpaka azirudishe salama. Akinaswa njiani, zinapotea zote.

Mahitaji

Utahitaji programu ya Scratch, ambayo hutolewa bila malipo. Ilianzishwa katika chuo cha MIT nchini Marekani na kufunguliwa kwa watu wote mwaka 2007, na toleo la tatu, ambalo ndilo ninalolifuata hapa, lilitoka Januari 2019. Unaweza kuitumia moja kwa moja kwenye intaneti, au ukaipakua mara moja na kuiweka kwenye kompyuta ili ufanye kazi bila mtandao. Kwa shule na nyumba zetu nyingi njia hiyo ya pili ndiyo bora, kwa sababu bando halimaliziki katikati ya somo.

Utahitaji pia:

- kompyuta yenye kibodi, hata kama ni ya zamani; simu haifai kwa kazi hii, kwa kuwa bloku, yaani vipande vya amri unavyoviunganisha, ni ndogo na mchezo wenyewe unatumia vitufe;
- kipanya cha kawaida, kwani kuchora kwa kidole kwenye kipakatalishi kunachosha;
- diski ya flashi ya kuhifadhia nakala;
- karatasi na penseli;
- na, ukiweza, asubuhi moja ufukweni Dunga, wakati mitumbwi inapopakua, ili uwaone kwa macho samaki unaotaka kuwachora.

Scratch ina Kiswahili katika orodha yake ya lugha: bofya alama ya dunia iliyo juu, au menyu ya mipangilio katika matoleo mapya, na uchague. Kwa kuwa maneno ya bloku hubadilika kulingana na lugha unayotumia, nitazitaja bloku kwa kazi yake na kwa rangi ya kundi lake: buluu ni mwendo, zambarau ni mwonekano, njano ni matukio, chungwa hafifu ni udhibiti, samawati ni hisi, kijani ni hesabu, na chungwa iliyokolea ni vigeu. Kigeu ni kama kisanduku chenye jina ambamo programu inatunza nambari. Nadharia utakayohitaji ni hiyo tu.

Hatua ya 1: Chora ziwa

Futa paka anayekuja na programu, kisha fungua ubao wa kuchorea mandhari. Usichukue ile picha ya chini ya bahari iliyo katika maktaba ya Scratch. Ina matumbawe, na Ziwa Viktoria halina matumbawe. Tena maji ya ghuba yetu hayana ile rangi ya buluu ya posta kadi. Jaza jukwaa, yaani eneo ambamo mchezo unaonekana, kwa kijani kinachoelekea hudhurungi, chenye mwanga zaidi juu na giza zaidi chini. Weka mawe na tope sakafuni, mafunjo upande mmoja, na mstari wa uso wa maji karibu na juu kabisa.

Jukwaa la Scratch lina upana wa hatua 480 na kimo cha hatua 360 (hatua hapa ni kipimo cha Scratch cha umbali), na kitovu chake ni sifuri. Kwa hiyo x inaanzia -240 hadi 240, na y inaanzia -180 hadi 180. Uweke uso wa maji kwenye y ya 120. Iandike nambari hiyo kwenye karatasi yako, maana tutairudia mara nyingi.

Hatua ya 2: Mchore Kitimbi

Tengeneza mhusika mpya na umchore akitazama kulia. Hili ni sharti, kwa sababu Scratch huchukulia kwamba kila mhusika anatazama kulia anapoanza. Mwili wake usizidi robo ya upana wa ubao, na kitovu cha mwili kikae juu ya ile alama ndogo ya msalaba iliyo katikati ya ubao. Ukimchora pembeni, kila atakapogeuka ataruka upande kama aliyesukumwa.

Ili aonekane mtoto, kichwa kiwe theluthi moja ya mwili, jicho liwe kubwa na likae chini kidogo kuliko unavyotarajia, na mapezi yawe mafupi. Rangi yake iwe ya fedha iliyofifia, kwa kuwa fulu wachanga na majike hawana mapambo mengi. Madume waliokomaa ndio wenye rangi kali na madoa ya chungwa kwenye pezi la chini, karibu na mkia. Mimi humpa Kitimbi doa moja tu la chungwa mahali hapo hapo, ingawa umri wake bado. Mtoto anayejua samaki akiliona, anaelewa mara moja kwamba huyu anajifanya mkubwa. Doa hilo linasema mengi kuliko kofia.

Nakili vazi hilo (ndivyo Scratch inavyoiita picha ya mhusika), kisha kwenye nakala upinde mkia upande wa pili. Sasa una mavazi mawili, nayo yanatosha. Punguza ukubwa wake hadi asilimia 40.

Hatua ya 3: Zuia kuogelea tumbo juu

Kila mtoto aliyekulia kando ya ziwa anajua kwamba samaki anayeelea tumbo juu amekufa. Kwenye paneli ya mhusika, chini ya jukwaa, bofya nambari ya uelekeo. Kitatokea kiduara chenye alama tatu ndogo chini yake. Chagua ile ya katikati, yenye vishale viwili, kimoja kila upande, ambayo humfanya mhusika ageuke kulia na kushoto pekee. Fanya vivyo hivyo kwa kila samaki utakayemwongeza baadaye.

Hatua ya 4: Mpe mwendo wa majini

Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako mwingi kuliko nyingine zote. Samaki haanzi ghafla wala hasimami ghafla. Maji yanamzuia anapoanza na yanambeba kidogo anapoacha. Ukimwandikia mwendo wa hatua 10 kila kitufe kinapobonyezwa, utapata gari la kuchezea lililochorwa magamba.

Tengeneza vigeu viwili, "kx" na "ky", vyote viwe vya Kitimbi pekee. Kisha unganisha bloku kwa mpangilio huu:

1. Bendera ya kijani ikibofywa, weka kx iwe 0 na ky iwe 0, umpeleke Kitimbi kwenye x ya -150 na y ya 60.
2. Fungua bloku ya kurudia bila kukoma. Yote yanayofuata yakae ndani yake.
3. Kama kishale cha kulia kimebonyezwa, ongeza kx kwa 0.5 na umwelekeze 90.
4. Kama kishale cha kushoto kimebonyezwa, ongeza kx kwa -0.5 na umwelekeze -90.
5. Kama kishale cha juu kimebonyezwa, ongeza ky kwa 0.5, kama ni cha chini, ongeza kwa -0.5.
6. Weka kx iwe kx mara 0.9, na ky iwe ky mara 0.9.
7. Badilisha x kwa kx, na ubadilishe y kwa ky.
8. Kama y imezidi 120, weka y iwe 120 na ky iwe 0. Fanya hivyo pia kwa x ikizidi 220 au ikipungua chini ya -220, na kwa y ikishuka chini ya -165.

Siri iko katika nambari ya 6. Kuzidisha kwa 0.9 kila mara ndiko ukinzani wa maji. Kwa nambari hizi mwendo wa juu kabisa wa Kitimbi unafikia hatua 4.5 kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya mwendo, na kwa kuwa Scratch huchora fremu 30 kwa sekunde, atavuka jukwaa zima kwa muda wa sekunde tatu na nusu hivi. Ukiweka 0.8 maji yatakuwa mazito kama uji. Ukiweka 0.98 atateleza mpaka mchezaji akate tamaa. Jaribu zote mbili kwa dakika moja ili uhisi tofauti, kisha urudi kwenye 0.9.

Tahadhari mbili. Kwanza, hali ya kitufe ichunguzwe kwa bloku ya samawati iliyo ndani ya mzunguko, yaani ile bloku ya kurudia bila kukoma. Usitumie bloku ya njano ya "kitufe kikibonyezwa", kwa sababu hiyo husogeza mara moja, hutulia kidogo, kisha ndipo huendelea, na hapo ndipo kushtukashtuka kunakoanzia. Pili, tofautisha "weka" na "badilisha". Kati ya makosa kumi ninayoletewa katika hatua hii, zaidi ya nusu ni mwanafunzi aliyeweka kx iwe 0.5 mahali pa kuibadilisha kwa 0.5.

Mkia uuandikie mfululizo wake wa bloku, wa pembeni: bendera ikibofywa, rudia bila kukoma, vazi linalofuata, subiri sekunde 0.15. Usiiweke bloku ya kusubiri ndani ya mzunguko wa mwendo, maana samaki mzima atakuwa akisimama kuusubiri mkia wake.

Hatua ya 5: Mlete Mama

Mchore Mama kwa umbo lile lile la Kitimbi, akiwa mkubwa mara tatu, mdomo ukiwa wazi kidogo na taya la chini likiwa limejaa, kama mtu aliyetia maji mdomoni. Ndani ya mdomo wake utie rangi ya waridi iliyofifia. Usitumie nyekundu, na sababu utaiona katika hatua ya 6.

Mama anazunguka polepole. Tengeneza kigeu "lengo" cha Mama pekee, na katika mzunguko wake ukiweke kiwe nambari ya kubahatisha kati ya -180 na 180. Kama lengo ni kubwa kuliko x yake, aelekee 90, la sivyo -90. Kisha ateleze kwa sekunde 4 hadi kwenye x ya lengo na y ya kubahatisha kati ya -100 na 60. Usipompa uelekeo kwanza, atateleza kinyumenyume.

Sasa tengeneza vigeu vitatu vya wahusika wote: "mfukoni", "alama" na "maisha". Bendera ikibofywa, viwili vya kwanza viwe 0 na cha tatu kiwe 3. Kwa Kitimbi, andika mifululizo miwili mipya:

1. Rudia bila kukoma: subiri sekunde 1, kama hamgusi Mama, ongeza mfukoni kwa umbali wa kutoka kwake hadi kwa Mama, uliogawanywa kwa 100 na kukadiriwa kuwa nambari kamili.
2. Rudia bila kukoma: kama anamgusa Mama, ongeza alama kwa mfukoni, kisha weka mfukoni iwe 0.

Yaani, akiwa umbali wa hatua 300 anapata utundu 3 kila sekunde, na akiwa karibu na pezi la mama yake hapati kitu. Zingatia mpangilio wa ule mfululizo wa pili: ukiifuta mfukoni kabla ya kuiongeza kwenye alama, mchezaji atarudi nyumbani mikono mitupu kila mara.

Huu ndio moyo wa mchezo, na ninakuomba usiuharakishe. Cheza namna hii kwa muda kabla ya kuleta adui yeyote. Utajikuta unajiambia "sekunde moja tu zaidi", na hapo ndipo utakapojua kwamba Kitimbi ameanza kuwa na tabia.

Hatua ya 6: Mlete mbuta

Mbuta aliletwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kupita kiasi na kuwamaliza fulu wa aina nyingi sana, hata baadhi ya aina hizo hazikuonekana tena. Anaweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200, ilhali fulu wengi hawafiki sentimita 15. Nakusihi umchore kwa uwiano unaotisha. Awe mkubwa kiasi kwamba jukwaani aonekane amejaza robo ya upana, apakwe fedha iliyokolea mgongoni, na jicho lake liwe na mng'ao wa manjano.

Ndani ya mdomo wake tia nyekundu ambayo haipo mahali pengine popote katika mchezo, wala kwa Mama, wala kwenye mawe. Ijaze rangi moja tupu isiyofifia kuelekea kingo. Sasa Kitimbi atadhurika anapoigusa rangi hiyo tu, wala si anapogusa mwili wa mbuta. Hilo ndilo jibu la mtoto anayelalamika kwamba mkia umemuua, naye analalamika kwa haki.

Mwendo wa mbuta, ndani ya mzunguko usiokoma: kama umbali hadi kwa Kitimbi ni chini ya 150, amwelekee na kusonga hatua 3, la sivyo asonge hatua 1 na akigusa ukingo ageuke. Mpe naye mpaka wa y ya 110 asiruke juu ya maji. Kasi yake usiipandishe kufikia 4.5, kwa sababu mchezaji anatakiwa aweze kumkimbia kila mara ikiwa hakuzubaa. Mbuta ashinde kwa tamaa ya mchezaji. Akishinda kwa mbio, mchezaji ataona ameonewa.

Kwa Kitimbi andika: rudia bila kukoma, kama anagusa rangi ile nyekundu na pia hamgusi Mama, basi weka mfukoni iwe 0, ongeza maisha kwa -1, nenda alipo Mama, weka kx na ky ziwe 0, subiri sekunde 1. Maisha yakifika 0, simamisha yote. Ili kuchagua rangi, bofya kiduara cha rangi katika bloku, kisha kalamu ya kunyonyea rangi, na uibonyeze juu ya mdomo wa mbuta jukwaani. Usiikisie kwa macho.

Hatua ya 7: Mpe Kitimbi kitendo kimoja cha utundu

Nasisitiza kimoja. Ninachopenda mimi ni kumng'ata kamongo mkia. Kamongo aliyekomaa hupumua hewa, hivyo hulazimika kupanda juu ya maji kila baada ya muda, na kwa hiyo hata kumwamsha kwake kunaonekana kuwa jambo la kweli. Mchore mrefu kama mkunga, mwenye mapezi membamba kama nyuzi, amelala topeni kwenye y ya -140.

1. Kwa Kitimbi: rudia bila kukoma; kama kitufe cha nafasi kimebonyezwa, na anamgusa Kamongo, na y ya Kamongo ni chini ya -110, ongeza mfukoni kwa 10, tangaza ujumbe "ameng'atwa", kisha subiri mpaka kitufe cha nafasi kiachwe.
2. Kwa Kamongo: akipokea "ameng'atwa", ateleze kwa sekunde 1 hadi y ya 120, asubiri sekunde 1, kisha ateleze kwa sekunde 2 kurudi -140.

Usipoweka ile bloku ya kusubiri kitufe kiachwe, mtoto atakibana tu kitufe na kujichotea alama. Sharti la y nalo linazuia kumng'ata akiwa safarini.

Kuna wanaotaka papo hapo kuongeza wizi wa chambo kwenye ndoano, kutikisa nyavu za omena usiku chini ya taa, na kujificha chini ya gugu maji. Yote ni mazuri, na gugu maji hasa linanivutia, kwa sababu linaelea na upepo na lingeweza kumfunika Kitimbi mbuta asimwone. Lakini maliza kwanza hili moja mpaka lifanye kazi bila kasoro.

Hatua ya 8: Mapovu na sauti

Tengeneza mhusika "Povu", umfiche, na kila baada ya sekunde za kubahatisha kati ya 0.3 na 1 aunde nakala yake. Kila nakala iende alipo Kitimbi, ijionyeshe, ipande kwa hatua 2 mpaka y izidi 120, kisha ifutwe. Usisahau kuifuta. Scratch hairuhusu zaidi ya nakala 300 kwa wakati mmoja, na zikifika hapo mapovu yanakoma bila onyo lolote. Sauti moja ya povu na moja ya kumezwa zinatosha.

Hatua ya 9: Mpe mtoto acheze

Mketishe mtoto ambaye hajauona mchezo, umwonyeshe vishale na kitufe cha nafasi, kisha unyamaze. Utaona mambo ambayo hukuyawaza. Binti mmoja wa Nyalenda, alipokaa mbele ya mchezo wa aina hii, alimzungusha Kitimbi puani pa mbuta bila kukusanya chochote, akicheka, mara kumi na moja. Baada ya hapo niliuongeza upeo wa mbuta wa kuona kutoka hatua 100 hadi hizo 150. Ukiona mtoto hathubutu kumwacha Mama, punguza mwendo wa mbuta uwe 2.5. Ukiona harudi kabisa kwa Mama, basi huenda haioni kigeu cha mfukoni jukwaani. Weka alama ya vema kando ya jina lake.

Matatizo na tiba zake

Samaki anaogelea peke yake bila kuguswa. Umesahau kuzidisha kwa 0.9, au umezidisha kx na kuiacha ky.

Samaki wote wanapita kasi mno, na ulipofunga mchezo jana walikuwa sawa. Huenda ulibofya bendera huku umebonyeza kitufe cha Shift, jambo linalowasha mwendo wa kasi. Bofya tena kwa namna hiyo hiyo ili kuuzima.

Mbuta anapita juu ya Kitimbi na hakuna linalotokea. Rangi uliyonyonya si ile iliyo mdomoni, au mdomo wake umefunikwa na mwili. Katika vazi la mbuta, ulete mdomo mbele ya mwili, kisha nyonya rangi upya.

Maisha yanaisha yote kwa mpigo mmoja. Umeisahau bloku ya kwenda alipo Mama. Kitimbi amebaki mdomoni mwa mbuta na anahesabiwa upya kila sekunde.

Alama hazirudi sifuri mchezo unapoanza upya. Vigeu havijifuti vyenyewe. Viweke upya (mfukoni na alama 0, maisha 3) chini ya bendera ya kijani, katika mfululizo mmoja tu, kwa sababu ukiviweka katika miwili huenda mmoja ukafuta kilichofanywa na mwingine.

Kompyuta inakwama. Funga dirisha nyingine zote, ongeza muda kati ya mapovu, na uangalie kama mandhari yako ni picha kubwa uliyoipakua kutoka nje. Mandhari uliyochora mwenyewe kwa maumbo ni mepesi zaidi.

Umeme umekatika na kazi imepotea. Hili lilinikuta na kundi zima la watoto kumi na wanne, saa mbili za kazi, na sikuwa na la kuwaambia. Programu iliyowekwa kwenye kompyuta haihifadhi yenyewe. Tangu siku hiyo kila hatua ya mwongozo huu inapokamilika tunahifadhi faili kwa jina jipya, kitimbi1, kitimbi2, kitimbi3, na kila baada ya mafaili matatu tunayanakili kwenye diski ya flashi. Faili za Scratch huishia kwa herufi sb3. Ukiibadilisha jina, usiziondoe herufi hizo, la sivyo kompyuta haitajua ifungue kwa programu gani.